Ulichokisikia Mwishoni

Mwanangu Editha,

Miaka yote niliyofundisha darasa la tano hapa Makere, niliwaambia watoto kwamba barua huanza kwa kumjulisha unayemwandikia hali ya afya yako, ndipo uingie kwenye shida iliyokufanya ushike kalamu. Leo nimekaa na kalamu na nimeshindwa kuvitenganisha. Hali ya afya yangu ndiyo shida yenyewe. Kwa hiyo nivumilie mwalimu wako nikianza ovyo.

Umekwenda Kasulu mjini kumuaga shangazi yako na utarudi na gari la jioni. Kreti zako nne ziko sebuleni. Nimezifunga kwa kamba ya katani kama ulivyotaka, na juu yake nimeweka lile blanketi la mama yako ili chupa zisigongane njiani. Kesho asubuhi unapanda basi la Mwanza. Kuhusu safari sina la kukuambia. Kuishi na watu unajua, kupika unajua, na kujilinda umejifunza Arusha bila mimi. Ninachotaka kukuambia ni kimoja tu, na tangu juzi nakizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bia yako ina kasoro, mwanangu. Na mimi niliyekuambia ni nzuri sikuionja. Niliinywa, uliniona nikiinywa, lakini sikuionja, kwa sababu ulimi wangu umekufa. Huu ni mwaka wa tatu.

Najua hapo umesimama kusoma. Mimi pia nimesimama kuandika, nimekwenda mpaka kwenye kreti, nimerudi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikikueleza nusu utadhani nimechanganyikiwa kwa uzee, na ningependa sana iwe hivyo.

Ilianza na ile homa ya kifua iliyonilaza wiki mbili wakati wewe uko Arusha. Nilipoinuka, mama yako aliniletea ugali wa muhogo na maharage. Nikamwambia amesahau chumvi. Akaongeza. Nikamwambia bado. Akaongeza tena, kisha akachota kidogo akaonja mwenyewe, akatema uani.

"Yakobo," akasema, "hii ni chumvi tupu."

Tulingoja. Zahanati walisema itarudi yenyewe. Nilitafuna limau, nilitafuna majani ya mwarobaini, nilitafuna pilipili kichaa mpaka machozi yakanitoka. Pilipili iliniunguza, lakini kuungua si ladha. Pua nayo ikaenda zake. Siku moja maziwa yaliungua jikoni na mimi nimekaa hapo hapo, nikauona moshi bila kusikia harufu. Siku hiyo nilijua kwamba hairudi.

Mama yako alijua mpaka anakufa. Mara tatu aliniambia, "Mwambie mtoto. Na watu waambie watafute mwonjaji mwingine." Nikamjibu, "Nikiwaambia, mimi nitakuwa nani?" Hakunijibu. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Sasa naona alininyamazia tu, kama anavyonyamaziwa mlevi anayeimba.

Wewe umezaliwa katika mambo haya na huenda huoni uzito wake. Unajua jinsi kwetu pombe ya posa isivyoguswa mpaka mtu mmoja ameionja. Akipanguza mdomo na kumpa kibuyu aliye kulia kwake, watu wanaanza kucheka na mazungumzo yanaendelea. Akikirudisha kwa aliyekileta bila kupanguza mdomo, basi. Wageni wanabeba mitungi yao wanarudi walikotoka, na hakuna anayeuliza sababu. Mtu huyo, kuanzia hapa mpaka Titye, na mara nyingine mpaka Kibondo, alikuwa baba yako. Ualimu nilistaafu. Huu ulimi haukuwa na siku ya kustaafu. Waliniwekea kiti chenye mgongo. Walinitumia baiskeli, baadaye bodaboda. Mtu ambaye hakuwahi kuniamkia shuleni alinisimamia kwenye sherehe.

Na nilikuwa najua kazi, hilo nalisema bila haya. Si kila mnywaji ni mwonjaji. Pombe ya ndizi ilikuwa inaniambia kama ndizi zilikaa shimoni siku nne au tano, kama mtama ulikaangwa na mtu mwenye haraka, kama nyasi za kukamulia zilikatwa penye ng'ombe. Niliwahi kumwambia mama mmoja kwamba mtungi wake ulikaa karibu na mafuta ya taa, akaapa kwamba hapana, kisha akakumbuka. Watu walilisimulia jambo hilo miaka mingi. Nami nililisimulia kuliko wao.

Sasa mtu kama huyo akipoteza ulimi, mwanangu, anafanya nini? Mwenye akili anasema. Mimi niliitwa kwenye posa ya jirani mwezi mmoja baada ya kupona, nikaenda. Nikapewa kibuyu, nikavuta kwa mrija, nikasikia umajimaji tu. Nikainua macho kwa hofu, na nilichokiona kilikuwa uso wa aliyeipika. Alikuwa akinitazama kooni, anataka kuiona inavyoshuka, na midomo yake inataka kutabasamu. Nikajua ni nzuri. Nikapanguza mdomo. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nimepata njia.

Njia yenyewe ilikuwa hiyo. Mwenye pombe nzuri hukutazama koo. Mwenye pombe mbaya huutazama mtungi, au anaanza kukuletea habari za mvua. Niliitumia mwaka mzima na hakuna aliyenishika. Nikaanza hata kujiona hodari, kwamba ninasoma watu. Ukishakuwa mwongo kwa muda mrefu unaanza kuuita uongo wako ufundi.

Halafu ikaja posa ya Titye. Kijana mwenyewe ni fundi baiskeli, yatima, amesaidiwa na bibi yake mmoja kupika. Anamtaka binti wa rafiki yangu. Nikapewa kibuyu, nikavuta, nikamtazama. Anatazama chini. Nikamuuliza ndizi ni za shamba gani, akanijibu kwamba mwaka huu mvua imechelewa. Nikasema moyoni, huyu ameharibu. Nikakirudisha kibuyu na sikupanguza mdomo.

Walibeba mitungi wakaondoka, bibi mbele, kijana nyuma. Baada ya siku chache nilikutana na yule bibi gulioni. Akaniamkia vizuri, ndivyo walivyo watu wa zamani, kisha akaniuliza taratibu, "Yewe Mwalimu, hebu nifundishe. Ile pombe ilikuwa na kosa gani? Maana sisi tuliinywa njiani tukirudi, ikawa tamu mpaka tukasahau kulia."

Ndipo nikaelewa. Kijana yule alikuwa anawaogopa wakwe. Hakuwa na habari ya mtungi kabisa. Niliusoma uso wake sawasawa, na woga ulikuwapo kweli, ila mimi niliuandikia maana yangu. Binti aliolewa kwingine mwaka uliofuata, mke wa pili, na siku nikipita karibu na pale kijana anapozibia pancha anaweka bisibisi chini, anainuka, anasema, "Shikamoo, Mwalimu." Bila chuki yoyote. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Unadhani hapo ndipo nilipoacha? Hapana. Niliamua tu kwamba sitakataa tena pombe ya mtu. Kila kibuyu kilichokuja nilipanguza mdomo. Watu wakasema Mwalimu amekuwa mpole baada ya kufiwa. Nilidhani nimejirekebisha, kumbe nimeruka majivu nimekanyaga moto. Maana ni katika hali hiyo ndipo uliponikuta ulipokuja na bia yako.

Kile kiwanda kidogo cha bia ulichofanyia kazi Arusha kilipofungwa ulirudi na sanduku moja la nguo na magunia mawili ya shayiri, na zile hopsi zako, maua ya kutia bia uchungu, kwenye pakiti zilizofungwa kama dawa. Nilikucheka. Nikasema mtoto wa Muha anabeba nafaka kutoka Arusha kuileta Makere. Ukasafisha stoo ya mahindi, ukaosha sufuria mpaka nikaona sura yangu, ukanifukuza mlangoni kwa sababu ya viatu vyangu. Wiki tano. Sikuwahi kukuona ukifanya kazi hivyo, na nilifurahi, Editha. Nyumba ilikuwa imekaa kimya tangu mama yako atuache. Nilikuwa nikilala mchana nikiyasikia masufuria yako, nikawa najihisi mtu anayeishi na watu.

Jumapili ile baada ya kanisa ulileta chupa ya kwanza barazani na bilauri mbili za mama yako. Uliniambia inaitwa peil eli, aina ya bia ya Kiingereza, na kwamba uchungu wake ni wa makusudi, nisidhani imeharibika. Uliimimina taratibu, ukiwa umeinamisha bilauri. Rangi ilikuwa ya asali ya nyuki wadogo na povu lilisimama. Ulinifundisha kama mimi nilivyokufundisha. Itazame kwanza. Inuse. Usimeze haraka, Baba, iache ipite pembeni mwa ulimi. Nilifanya yote. Nilichokipata ni baridi, na mapovu yakinitembea mdomoni.

"Unasikia nini kwanza?" ukaniuliza.

Nami nikakujibu kwa ujanja niliouzoea. "Sema wewe kwanza, nione kama nilikufundisha kitu."

"Ganda la chungwa," ukasema. "Kama limekwaruzwa sasa hivi kwa kucha. Halafu majani, majani mabichi. Katikati mkate."

"Sawasawa," nikasema.

"Na uchungu? Haujazidi?"

"Uko mahali pake."

Ukafurahi. Halafu ukaonja tena, ukaniangalia. Nalikumbuka jicho hilo kuliko yote. Ukasema, "Na mwishoni, Baba? Mwishoni husikii kitu?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu kikavu. Kama..." Hukumaliza.

Nikakutazama usoni, maana uso wako ndio uliokuwa ulimi wangu. Na uso ulikuwa unaomba jibu moja tu. Nikaona wiki tano, nikaona ile stoo iliyooshwa, nikaona mama yako hayupo wa kukwambia neno zuri, nikakwambia, "Hakuna kitu. Huo ni woga wako." Nikapanguza mdomo.

Ulicheka kwa kushusha pumzi. Ukaandika kitu kwenye daftari lako jekundu, ukalifunga. Wiki iliyofuata ukaandika barua ya kuikataa ile nafasi ya maabara shuleni Kasulu, na mchana huo huo ukawajibu wale watu watatu wa Mwanza, waliokuahidi chumba na mitungi ya kupikia wakiipenda bia yako, kwamba iko tayari na utawapelekea waionje Jumamosi hii. Nilikuona ukiandika. Kalamu yako ilikauka katikati, nikakupa yangu. Ni hii ninayoandikia.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Sudi kutafuta kamba. Unamfahamu, mwenye duka la jumla, ambaye babu yake alitoka pwani na chumvi akasahau kurudi. Nilichukua chupa moja nikamwonyeshe. Kujivuna tu, hakuna sababu nyingine. Akaigeuza mkononi, akaisifu karatasi uliyobandika, akasema, "Hebu fungua niinuse."

Nikamtania. "Na swala yako, Mzee?"

"Kilichokatazwa ni kunywa, Mwalimu. Pua yangu haina kesi."

Nikafungua. Akafumba macho akavuta pumzi. "Machungwa," akasema. "Ya kumenywa sasa hivi, mashallah. Na mkate wa moto." Akanusa tena, akakunja uso kidogo. "Halafu godauni langu la nyuma."

"Godauni?"

"Mwaka ule paa lilipovuja. Boksi za sabuni zilikaa kwenye maji, kisha zikaanza kukauka zenyewe. Ukifungua mlango asubuhi ni harufu hii hii. Boksi lililolowa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Wewe huisikii?" akaniuliza.

Nikamwambia hiyo ni chupa moja, chupa ina bahati yake. Nikarudi nyumbani nikachukua mbili nyingine, kila moja na kreti yake. Ndiyo sababu jana ulihesabu ukakuta zimepungua, ukajilaumu kwamba umekosea hesabu. Hukukosea. Sudi alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, akaziweka kwenye meza zikiwa zimekaribiana.

"Hizi ni tumbo moja," akasema. Kisha akanitazama muda mrefu, naye ni mfanyabiashara, amezoea kutazama watu. "Mwalimu. Tangu lini?"

Nikamwambia. Baada ya mama yako, ndiye mtu wa kwanza. Nilitegemea atanilaumu, au atanicheka, au ataniambia Mungu ni mwingi wa rehema. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Na mtoto anaondoka lini?"

Jana ulipokwenda kisimani nilifungua daftari lako jekundu. Nisamehe. Nilitafuta ukurasa wa Jumapili ile. Umeandika kwa mwandiko wako mdogo, chungwa, majani, mkate, uchungu wa wastani. Chini yake umeandika, mwisho kuna ukavu, karatasi? Hewa iliingia wakati wa kufunga vizibo? Halafu umepiga mstari mmoja juu ya maneno hayo, kwa rula, kama nilivyokufundisha kufuta kosa darasa la tano bila kuchafua ukurasa. Na pembeni umeandika, Baba hasikii kitu, ni woga wangu.

Ulikuwa umeshapata. Kasoro uliijua, na chanzo chake ulikijua, na shayiri ilikuwa bado ipo gunia zima. Watu wa Mwanza ulikuwa hujawajibu; ungeweza kuwaomba siku ya mbele ukapika upya. Mimi nikakufuta kwa rula.

Nimekaa na ukurasa huo tangu jana, na umenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi. Nadhani unapakumbuka, ingawa hatujawahi kupazungumza. Harusi ya Mabamba, kwa mjomba wangu. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nikikuchukua kila mahali siku hizo, nakunusisha vibuyu mbele ya watu, unawaambia kilichomo, wanashangaa. Nilikutembeza kama mtu anayetembeza fahali wake. Pale Mabamba mwenye sherehe, mjomba huyo huyo, alikuwa mtu mzito, watu wamevuka mpaka kutoka Burundi kuja kwake. Nikakupa kibuyu chake unuse. Ukanusa, ukasema kwa sauti ya darasani, "Baba, hiki kimeoshwa kwa sabuni."

Mwenye nyumba akanitazama.

Mimi nikasema, "Huyu mtoto hajui kitu." Nikavuta, nikapanguza mdomo, nikakutuma ukakae nje na mbuzi mpaka sherehe iishe. Ulikaa. Nilikuona kupitia mlangoni, umekumbatia magoti, hukulia. Njiani tukirudi Kibondo kutafuta gari, hukusema neno, na mimi nilikuwa nimeshiba na nimechangamka, nikadhani umechoka.

Sabuni ilikuwepo, Editha. Siku zile ulimi wangu ulikuwa mzima na niliisikia kabla yako. Ulisema kweli, na nilikutoa nje kwa sababu ya kweli, na sikuwahi kukuambia mpaka leo uko na miaka ishirini na saba na kreti ziko sebuleni.

Tangu siku ile ulibadilika, na mimi niliyaona mabadiliko hayo nikayaita adabu. Ulianza kunitazama kabla ya kusema. Ukionja mchuzi, unanitazama. Ukichagua embe sokoni, unanitazama. Mama yako aliwahi kusema, "Huyu mtoto ulimi wake ameuhamishia usoni kwako." Nikaona ni sifa. Sasa hebu tuone tulivyokaa pale barazani, baba na mwana, bilauri mkononi. Mimi natafuta ladha kwenye uso wako. Wewe unatafuta ladha kwenye uso wangu. Na bia iko katikati, inasema yote wazi, hakuna wa kuisikiliza.

Nikiwa mwalimu nilichukia barua zinazoishia na mawaidha, na hata kama nisingechukia, leo sina. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Ukienda Mwanza, wale watatu watasikia boksi lililolowa. Mmoja wao uliniambia amepika bia miaka mingi, huyo hatahitaji kurudia mara ya pili. Watarudisha bilauri mezani, na ndiyo mwisho, walishakuambia hawana nafasi mbili za kumwonja mtu. Usipokwenda, ni hivyo hivyo, chumba na mitungi vitapewa mwingine. Kupika upya ni wiki tano na Jumamosi ni keshokutwa. Shayiri uliyobakiza uliigawa kwa majirani wakapikie uji kwa sababu nilikuambia kazi imekamilika. Nafasi ya maabara imeshapata mtu, niliuliza. Nilitaka kukuandikia barua yenye mlango, nimetafuta mlango siku mbili, sikuuona.

Naona aibu. Hilo ndilo neno lenyewe na sitalipamba. Naogopa pia, si kwamba utanikasirikia, bali kwamba utanisamehe upesi, uniambie si kitu Baba, halafu uende na kitu hicho Mwanza na kila uendako, ukimtafuta mtu wa kumtazama usoni kabla ya kuamini ulimi wako. Atapatikana. Watu wenye nyuso za uhakika ni wengi, nami nimekuwa mmoja wao miaka mitatu bila kusikia hata chumvi.

Keshokutwa nitakwenda Titye. Nitamwambia yule fundi baiskeli. Najua haitamrudishia binti, na huenda ataniambia tu shikamoo. Kisha nitawaambia watu hapa watafute mwonjaji mwingine. Mama yako alitaka hivyo na amekwisha kuoza ardhini kabla sijamtii. Sijui nitakuwa nani. Nitakuwa mzee mmoja wa Makere anayekula ugali kwa sababu ni saa ya kula.

Nilifikiria kuificha barua hii ndani ya kreti uikute umeshafika. Hata kisu cha kukatia kamba nilikishika. Lakini huo ungekuwa mchezo wangu ule ule, kukuachia aibu uwe nayo peke yako mbele ya watu. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukishuka kwenye gari, kabla hujavua viatu.

Ukimaliza kusoma, chukua chupa moja kwenye kreti yoyote, ifungue, imimine kwenye bilauri ya mama yako. Ionje mpaka mwisho, pale ulipoishia siku ile ukasema sijui. Halafu amua kama basi la kesho lina maana au halina. Mimi nitakuwa uani, nimekaa kwenye kigoda, nimekupa mgongo. Sitageuka mpaka uniite. Usije kunizunguka mbele kuutafuta uso wangu, mwanangu. Hauna kitu.

Baba yako,
Yakobo